Mlango wa Mbele wa Thirza Raistrick

Wasifu huu unasomwa na binti yake, Judith, katika maziko yake hapa Skelgarth, Yorkshire, Jumanne tarehe 9 Februari 1932.

Asubuhi ya Jumanne iliyopita Thirza Raistrick aliamka kabla ya mumewe, kama kawaida yake. Akawasha moto, akapika uji wa shayiri, akautia chumvi. Akamsogezea Enoch bakuli la sukari huku akimwambia kwamba mtu mzima hatii sukari kwenye uji. Alimwambia hivyo tangu walipooana. Enoch akatia sukari.

Walipomaliza kula, Thirza akasema, "Enoch, ule mlango wa mbele umekwama."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za Krismasi. Mbao zimefura chini. Upige randa."

Watu wa huku mnajua habari ya mlango wa mbele. Katika nyumba zetu hatuupiti. Tunaingia kwa nyuma, kupitia jikoni, sisi na wageni wetu, hata kasisi. Wa mbele unafunguliwa kwa ajili ya bibi harusi na kwa ajili ya jeneza. Siku nyingine zote umeegemezewa kiti kwa ndani kuzuia upepo.

Kwa hiyo Enoch akamuuliza, "Randa ya nini? Hatuna harusi hapa."

Thirza akacheka mpaka kikombe kikagonga kisahani. "Wewe randa tu, bwana wee. Usiniulize maswali ya kitoto."

Enoch akautoa mlango kwenye bawaba, akaulaza juu ya viti viwili, akauranda. Thirza alikaa dirishani na blanketi magotini, akiangalia maranda yakidondoka. Akasema upande wa kushoto bado. Kweli, ulikuwa bado. Mlango uliporudishwa ulifunguka kwa kusukumwa na kidole. "Sasa huo ni mlango," akasema. Wakanywa chai ya pili. Hiyo ndiyo asubuhi ya mwisho waliyoipata wawili hao ambayo haikuwa na daktari ndani yake.

Leo alitoka kwa mlango huo. Haukukwama.

Maneno haya ameyasema mumewe kwa mdomo, Judith akayaandika. Judith ameambiwa asiyapambe. Tangu Jumamosi yamesemwa mengi kijijini kuhusu mahali ambapo Thirza alipaswa kuzikwa, na jina ambalo lilipaswa kuandikwa juu yake. Hayo yatajibiwa hapa, mbele za watu, zamu yake ikifika.

Thirza alizaliwa tarehe 14 Machi 1858 mjini Louth, Lincolnshire. Alikuwa mtoto wa pili wa Septimus Peverell, kasisi msaidizi, na mkewe Adelaide. Nyumba yao ilikuwa na piano na mjakazi mmoja, na vyote viwili vilikuwa na kikohozi. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe. Baba yao alifariki mwaka 1875. Piano ikaenda, mjakazi akaenda.

Wakati ule binti wa kasisi aliyefiwa na baba hakuruhusiwa kushona nguo za watu, wala kuuza dukani, wala kupika jikoni kwa mtu. Angekuwa amejishusha. Aliruhusiwa jambo moja tu: kwenda kukaa katika nyumba ya matajiri na kuwafundisha watoto wao. Mwalimu wa nyumbani, ndivyo alivyoitwa. Mama yake alimwambia kwamba hiyo si kazi hasa, ni kuishi na familia nyingine. Thirza alisema kitu kinachokuamsha kabla ya kuku ni kazi.

Masomo yake alianzia kwa baba yake, aliyemfundisha Kilatini kwa sababu alikuwa anamfundisha kaka yake, na kaka yake alikuwa mzito. Baadaye alikaa miaka miwili katika shule ya mabinti wa makasisi huko Lincoln. Alisema alitoka huko na mambo mawili: Kifaransa, na mazoea ya kulala na soksi.

Kazi ya kwanza aliipata Derbyshire mwaka 1877, kwa familia yenye watoto wa kiume. Walipofikia umri wa kupelekwa shule ya bweni, akaambiwa asante. Hiyo ndiyo kazi ile. Ukiifanya vizuri, inakwisha.

Hapa kwetu alifika tarehe 11 Oktoba 1881. Enoch Raistrick alikuwa mchukuzi, ana gari na farasi, akipeleka mizigo na watu kati ya stesheni ya Thornley na Jumba la Skelgarth, nyumba ya akina Harcombe. Alikuwa ameshawaleta walimu wa nyumbani wengine kabla yake, na wote alikuwa ameshawarudisha stesheni. Aliwajua kwa makasha yao. Walikuja na kasha dogo jeusi, wakaondoka nalo, na njiani hawakusema neno.

Huyu alikuja na kasha la kijani na mwavuli, akapanda akakaa mbele, kando ya mwendeshaji. Mvua ilikuwa inanyesha. Walipokaribia lango la Jumba, Enoch akamuuliza swali ambalo aliwauliza wote.

"Nikushushe mlango gani, bi?"

"Kwani iko mingapi?"

"Miwili. Jikoni watakwambia wewe si mwenzao. Mlango mkubwa nao watakwambia wewe si mwenzao. Waliokutangulia nimekuwa nikiwashusha hapa getini, wajijue wenyewe."

"Na wageni unawashusha wapi?"

"Mlango mkubwa."

"Mimi wameniita, au nimekuja kubisha hodi kuomba?"

"Wamekuita. Nimetumwa nikuchukue."

"Basi si umeshajibu?"

Akamshusha mlango mkubwa, na kasha lake. Mkuu wa watumishi akafungua nusu, akamwangalia kuanzia kofia mpaka viatu, akasema, "Zunguka nyuma," akafunga. Thirza akaliweka kasha sawa juu ya ngazi, akalikalia, akafungua mwavuli, akatoa kitabu akasoma. Enoch alipaswa kuondoka. Hakuondoka. Alijifanya anaangalia kwato za farasi. Farasi mwenyewe alimshangaa.

Mwishowe lilikuja gari la kasisi, amealikwa chai. Bibi Harcombe hakuweza kumpitisha kasisi mbele ya mwanamke aliyekaa juu ya kasha kwenye ngazi zake kama mtu aliyefukuzwa. Mlango ukafunguliwa. Thirza akasimama, akafunga kitabu, akaingia wa kwanza. Kabla hajaingia aligeuka akamwambia Enoch, "Kwato ziko salama?"

Tangu siku hiyo Enoch alimwita Mwalimu. Alimwita hivyo mpaka Jumamosi iliyopita.

Katika Jumba alifundisha mabinti wawili, Augusta, aliyekuwa na miaka minane, na mdogo wake Hilda, ambaye ameshatangulia. Aliwafundisha kusoma, hesabu, ramani, Kifaransa, piano, na kukaa. Kukaa lilikuwa somo. Neno lake lilikuwa "kaa wima," na wote waliopita mikononi mwake, wakubwa kwa wadogo, mlisikie neno hilo sasa hivi na mtajikuta mmenyoosha migongo. Enoch anawaona.

Kuhusu maisha yake katika nyumba ile, mumewe anajua aliyoambiwa garini. Chakula chake kililetwa ghorofani kwa sinia, akale peke yake darasani, kwa sababu mezani kwa wenye nyumba si pake na jikoni kwa watumishi si pake. Sinia lilipanda ngazi nyingi na chakula kilifika kimepoa. Mjakazi aliyelileta alimwona ana majivuno kwa sababu anasema kama mabibi. Bibi Harcombe alimwona ana majivuno kwa sababu anasema. Nyumba ilijaa watu, na hakuwa na hata mmoja wa kumwambia kwamba supu imepoa.

Kuna siku aliitwa ashuke mezani. Wageni walikuwa wamekuja wakawa kumi na watatu, na wenye nyumba wale waliogopa idadi hiyo kuliko ugonjwa. Wakamtuma mtu mbio: Bi Peverell avae gauni lake la kijivu, ashuke awe wa kumi na nne. Akavaa, akashuka, akakaa. Supu ilikuwa ya moto. Alikuwa ameshaingiza kijiko mara ya pili, mgeni mwingine aliyekwama njiani akaingia. Sasa wamekuwa kumi na watano na kiti hakuna. Bibi Harcombe akamtupia jicho kutoka mwisho wa meza, akainua kidevu kuonyesha mlango. Yule mgeni kasimama nyuma ya kiti anasubiri.

Thirza akaendelea na supu. Akaimaliza. Akajifuta mdomo, akamwambia yule mgeni, "Karibu, bwana, nimekupashia kiti moto," akapanda juu.

Alipomsimulia Enoch, Enoch alimuuliza jambo moja. "Supu ilikuwa ya nini?"

"Ya sungura."

"Ilikuwa nzuri?"

Thirza akasema kwamba tangu afike Skelgarth ndiyo mara ya kwanza mtu kumuuliza kama chakula kilikuwa kizuri. Kila Alhamisi alikuwa na mapumziko ya alasiri, na kila Alhamisi alipanda gari mpaka Thornley na kurudi, bila ya kuwa na jambo la kufanya Thornley. Kijiji kizima kililiona hilo kabla Enoch hajaliona. Yeye alidhani mwalimu anapenda stesheni.

Ni Thirza aliyesema. Ilikuwa Machi 1889, kwenye mteremko wa darajani, farasi anatembea polepole. Akasema, "Enoch Raistrick, mabinti wamekua. Mwaka huu nitaambiwa asante. Utanirudisha stesheni kama wenzangu?"

Enoch akasema, "Sitaki."

"Basi sema unachotaka."

"Mimi sijui kusoma, Mwalimu."

"Sijakuuliza hilo. Hilo nalijua. Kanisani unakishika kitabu cha nyimbo kichwa chini."

Bibi Harcombe alipoambiwa alikuwa amekaa katika kochi lake la bluu, dirisha liko wazi, na Enoch yuko nje ameshika hatamu, kwa hiyo aliyasikia haya kwa masikio yake.

"Mchukuzi, Bi Peverell? Mchukuzi wa mizigo? Unajua kwamba unashuka?"

"Napanda, Bibi. Kiti cha gari lake kiko juu kuliko kochi hili, na mtu anaona mbali."

Aliondoka siku hiyo hiyo, bila ya neno la kumsifu kwa mwajiri mwingine. Augusta alisimama kwenye ngazi za ndani na hakuruhusiwa kuaga. Kasha la kijani lilitoka kwa mlango mkubwa. Enoch alilibeba begani mwenyewe, na mkuu wa watumishi akaushika mlango, kwa sababu upepo ulikuwa mkali na kioo ni ghali.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 27 Aprili 1889, katika kanisa hili. Kaka yake, ambaye wakati huo alikuwa kasisi kamili, aliwaambia watu wa Louth kwamba dada yake amekufa. Mwaka huo Thirza alikuwa hai sana. Aliingia nyumba ya Raistrick kwa mlango wa mbele, kama bibi harusi yeyote wa huku. Kisha akauliza mbona mlango mzuri hivi unafungwa na kiti. Mama mkwe wake, marehemu Bi Keziah, akamwambia, "Mwanangu, ukitoka tena hapo hutatoka kwa miguu." Wakacheka wote wawili. Walipatana tangu hapo.

Majira ya baridi ya kwanza alijaribu kumfundisha mumewe kusoma. Enoch alifika mpaka herufi ya kwanza ya jina lake, akaona inatosha. Thirza akasema sawa, wewe endesha farasi, mimi nitakusomea. Akamsomea gazeti kila Jumamosi mpaka Jumamosi ya mwisho kabla ya kuugua. Alipofika kwenye habari za Bunge aliruka bila kuambiwa.

Kazi yake kubwa aliifanya baada ya Jumba, na hii ndiyo sehemu ambayo watu hupenda kuisahau. Mwaka 1890 alifagia chumba cha mbele, akaweka mabenchi, akaita mabinti wa wachunga kondoo na wa wachimba mawe waje alasiri, kazi za nyumbani zikiisha. Aliwafundisha yale yale aliyowafundisha mabinti wa Harcombe. Hakupunguza. Ramani ile ile, hesabu ile ile, Kifaransa kile kile. Piano hatukuwa nayo, basi aliichora kwa chaki mezani wakajifunza vidole.

Mke wa kasisi wa wakati huo alikuja kwa nyuma, kama watu, akakaa jikoni akasema, "Bi Raistrick, nakuheshimu. Lakini Kifaransa cha nini kwa wasichana watakaokamua ng'ombe?"

"Na cha nini kwa Augusta Harcombe? Hajawahi kuvuka hata mto Tees."

"Yeye ni bibi."

"Na hawa nao wana ndimi."

Kwa miaka mingi mgeni aliyepita kijitoni angesikia wasichana wamejifunga aproni za magunia wakiwafukuza mabata bukini kwa Kifaransa. Mabata walielewa. Bi Hannah Metcalfe wa posta, ambaye amekaa pale karibu na nguzo, alikuwa mmoja wao. Aliposikia maneno haya jana usiku alisema, "Mwambie Enoch aseme kwamba nilichapwa kwa rula." Basi. Bi Hannah alichapwa kwa rula.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Judith mwaka 1892 na Silas mwaka 1895. Silas alikufa vitani Ufaransa, Julai 1916. Rafiki yake aliyerudi alisema kwamba katika kikosi chao Silas ndiye aliyetumwa mashambani kuomba mkate na mayai, kwa sababu aliwasemesha akina mama wa kule kwa lugha yao, na walimpa. Thirza alifunga darasa msimu mmoja. Kisha akafungua. Watu walidhani ataacha Kifaransa. Akasema lugha haikumwua mwanawe, lugha ilimlisha.

Aliendelea kufundisha mpaka magoti yalipomkatalia kusimama, akafundisha amekaa. Wima.

Sasa kuhusu ugonjwa wake, na yale maneno ya kijijini.

Jumanne ile ya mlango, alasiri, alishikwa na maumivu ya kifua akaangusha birika. Daktari akaja kutoka Thornley, akasema moyo umechoka. Thirza akamwambia moyo haujachoka, umefanya kazi, hayo ni mambo mawili tofauti. Akalazwa katika chumba cha mbele, kile cha darasa, kitanda kikielekea mlango.

Alhamisi tarehe 4, mchana, motokaa ya Jumba ilisimama barabarani. Alikuwa Bibi Augusta, ambaye sasa ndiye mwenye Jumba. Alikuja akagonga mlango wa mbele. Judith alikuwa jikoni. Akapaza sauti kama anavyompazia mtu yeyote, "Zunguka nyuma!"

Isemwe wazi kwamba hakuna aliyekusudia kumdhalilisha. Ni desturi. Judith hakujua ni nani. Lakini kule kitandani Thirza alisikia, na Enoch, aliyekuwa amekaa kando yake, akamwona anafunga macho na mabega yake yanatikisika. Akadhani ni maumivu. Hayakuwa maumivu, kilikuwa kicheko.

Bibi Augusta akazunguka, akapita kwenye kuku, akapita jikoni, akaingia na koti lake la manyoya, na unyoya mmoja wa kuku kiatuni. Akapewa kiti. Alisema alikuja kwa wema, na Enoch anaamini alikuja kwa wema. Alisema kwamba familia haijamsahau Bi Peverell. Alimwita Bi Peverell, jina ambalo si lake tangu mwaka 1889. Alisema siku ikifika, ambayo Mungu aicheleweshe, Jumba litatoa nafasi kwenye ukuta wa kaskazini wa kanisa, pale walipozikwa watumishi wake wote waliokaa muda mrefu, na jiwe. Maneno ya jiwe alikuwa nayo kichwani. Thirza Peverell, mtumishi mwaminifu wa familia ya Harcombe.

Alisema ni heshima. Alisema wengi wangeitaka.

Thirza akamjibu. Mumewe alikuwapo, Judith alikuwapo mlangoni na birika la chai. Jibu hilo litasemwa mwishoni, kwa sababu ndiyo mara ya mwisho Thirza kusema maneno marefu kwa sauti yake ya darasani. Kuanzia Ijumaa alizungumza kwa kunong'ona, na aliyonong'ona ni ya mumewe.

Alifariki Jumamosi tarehe 6 Februari, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Enoch. Alikuwa na miaka sabini na mitatu.

Ile ile Jumamosi mchana Enoch alikuja hapa kuchagua mahali. Akamkuta mchimba makaburi ameshaondoa nyasi kwenye ukuta wa kaskazini. Alikuwa ametumwa na karani wa Jumba, ambaye huenda hakuambiwa jibu, au aliambiwa akalidharau. Enoch hajui, na hatauliza.

Mchimbaji akasema, "Mzee Raistrick, mimi nimeagizwa tu."

Enoch akasema, "Najua."

Akaketi chini, palepale penye udongo mbichi, miguu ameinyoosha. Ana miaka sabini na saba na ardhi ilikuwa na barafu. Mchimbaji akamwambia, "Mzee, utapata baridi." Enoch akasema mkewe aliwahi kukaa nje ya mlango katika mvua mpaka wakamfungulia, na yeye amejifunza kwake jambo hilo moja, kwa kuwa kusoma kulimshinda. Mchimbaji akaegemea jembe. Kisha akavua koti lake akamwekea mzee mabegani, akaenda kuongea na kasisi. Aliporudi alilibeba jembe mpaka upande wa kusini, kando ya njia ya mlango mkubwa wa kanisa, ambako kila anayeingia na kutoka atapita. Ndiko alikochimba. Ndiko mtakakokwenda sasa hivi.

Nafasi ya pili pembeni yake ni ya Enoch. Asipangiwe mtu mwingine.

Jiwe litaandikwa Thirza Raistrick, Mwalimu. Chini yake jina la Silas, ambaye hana kaburi huku. Basi. Hakuwa mtumishi wa familia yoyote. Hilo halisemwi kuwadharau watumishi walio kwenye ukuta ule. Wao walikuwa na meza yao, na wenzao, na supu ya moto. Linasemwa kwa sababu yeye hakupewa hata hiyo, na sasa amekufa asigawiwe kiti ambacho alipokuwa hai alinyimwa.

Na lisemwe hili pia. Bibi Augusta yupo hapa leo. Alipelekewa habari ya yatakayosomwa, ili asishtukizwe. Amekuja hivyo hivyo, na hakukaa katika benchi la Jumba. Amekaa nyuma na waliofundishwa chumba cha mbele. Enoch amemwona na anamshukuru.

Thirza ameacha mume, Enoch. Binti, Judith, na mkwe wake, Ralph Alderson. Wajukuu Martha, Silas mdogo na Nan. Mabata sita wasiosikia Kiingereza. Na wanafunzi waliojaa benchi hizi mpaka mlangoni. Wazazi wake, kaka yake na mwanawe wamemtangulia.

Alale pale alipo, na pasitokee wa kumhamisha.

Na haya ndiyo maneno yake kwa Bibi Augusta, Alhamisi tarehe 4 Februari, neno kwa neno, kama yalivyosikiwa na mumewe na binti yake:

"Asante, Augusta, lakini hapana. Kaa wima. Na ukitoka, pita nyuma kama ulivyoingia. Huu wa mbele ni wangu."